Bwana Meno, Aliyewawekea Kuku Mlinzi

Ndugu, jamaa, majirani na wateja mliokuja kumsindikiza, wasifu huu unasomwa na dada yake marehemu. Amepewa kazi hii kwa sababu mjane amesema hawezi, na watoto wamesema shangazi yao ndiye mwenye sauti. Amepewa sharti moja tu, kwamba asilie kabla hajafika kwenye ndoa.

Marehemu alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi, nalo limeandikwa kwenye jalada la ratiba mliyoishika. Wengi wenu mmelisoma leo kwa mara ya kwanza, na wapo walioulizana pale getini kama wamekuja kwenye msiba sahihi. Basi hapa ataitwa kama alivyoitwa sokoni, kwenye banda lake la kuchanganya chakula cha kuku, na hata wodini siku za mwisho: Bwana Meno.

Bwana Meno alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa pili wa baba mshona viatu na mama mfuga kuku. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na ua, na uani palikuwa na kibanda cha mabati ambacho mama yao alikijali kuliko sebule. Mayai ndiyo yaliyonunua sare za shule. Mwaka mmoja mvua zilizidi, na mahindi ya stoo yakaota ukungu wa kijani. Mama alifanya kama walivyofanya watu wote wakati ule. Yaliyo mazuri aliyaweka ya chungu, mabovu akawamwagia kuku, maana kuku, alisema, hana adabu ya chakula. Hazikupita wiki nyingi mayai yakaanza kuja na maganda laini kama karatasi iliyoloa, kisha yakaacha kuja kabisa. Vilemba vya kuku vilipauka, wenyewe wakajikunyata pembeni, wakawa wanaondoka mmoja mmoja. Mama aliwapa majivu, akawapa pilipili, akawahamishia jikoni wapate joto. Marehemu alikuwa akimfuata nyuma na bakuli la maji. Siku moja akamuuliza, "Sasa mama, tufanye nini?" Mama akajibu, "Tukae." Wakakaa kwenye kizingiti cha kibanda wakiwatazama mpaka giza lilipoingia, kwa sababu hapakuwa na lingine la kufanya. Marehemu hakuisahau siku ile, na aliisimulia mara nyingi mno kwa mtu aliyedai kuwa hana kinyongo nayo.

Alianza shule mwaka 1964, katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli. Walimu waliandika kwamba ni mzuri wa hesabu na mbaya wa kukaa kimya. Alifika kidato cha pili, kisha macho ya baba yao yakafifia, sindano ya viatu ikawa inamchoma vidole, na mtoto mkubwa wa kiume akaacha shule. Hakuna aliyemwambia aache. Alikunja sare yake mwenyewe, akaiweka kwenye sanduku la mdogo wake.

Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa mpagazi katika kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo. Alibeba magunia mpaka bega moja likawa chini kuliko lingine, na fundi cherehani aliyemshonea suti ya harusi alilalamika sana juu ya bega hilo. Ni hapo kiwandani alipopata jina. Kila gunia la mahindi lilipofunguliwa, yeye alichota punje, akairusha mdomoni, akaing'ata. Ikilia kwa nguvu ni kavu, ikibonyea ina maji na ukungu uko njiani, ikiacha uchungu kwenye ulimi gunia linarudi. Alitema, akasema "Ndiyo" au "Rudisha," na hakuwa na simile. Madereva wa malori walianza kumwita Meno kwa hasira. Waliokuja kununua chakula wakaongeza Bwana kwa heshima.

Mwaka 1989 alifungua banda lake nyuma ya soko la nafaka, hatua chache kutoka nyumbani. Wengi wenu mnalijua: mlango wa bati unaokwama, mizani, kinu cha kuparaza, na lile pipa la kuchanganyia lenye mota inayokohoa kila asubuhi kama mvuta sigara. Magunia aliyapanga juu ya mbao yasiguse sakafu wala ukuta. Mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa kwa ajili ya maganda, chumvi kidogo, vitamini. Mtu akimkuta anachanganya hakumsalimia mpaka pipa lisimame, maana alikuwa anahesabu mizunguko na angemfukuza hata askofu.

Sasa tumefika kwenye ndoa, na msomaji bado yuko salama.

Mjane alikuwa binti mwenye kujibu. Mwaka 1983 alifika pale kiwandani na beseni la mahindi kichwani, ametumwa na shangazi yake yasagwe kwa ajili ya kuku. Kijana mmoja mwenye bega la chini akachota punje, akang'ata, akatema pembeni ya viatu vyake.

"Dada, haya hata kuku wa adui yako usimpe."

"Nani kakuuliza? We saga."

"Sisagi."

"Kwani kuku ni wako?"

"Kuku si wangu, lakini nitawaota."

Akamsimulia habari za kibanda cha mama yake, palepale, watu wakiwa kwenye foleni nyuma. Binti aliondoka na beseni lake akiwa amenuna. Wiki iliyofuata akarudi na mahindi mengine, makavu, akammiminia kiganjani na kumwambia, "Haya, kula basi ushibe." Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu. Mjane anasema hakuwahi kuambiwa neno tamu kuliko lile la "nitawaota," ingawa halikuwa lake.

Lakini lazima lisemwe jambo la nyumbani, maana mjane ameomba lisemwe. Tangu kiwandani, magunia yaliyokuwa katikati, si mabaya ya kutupwa wala si mazuri ya kuchanganywa, marehemu aliyaleta nyumbani. Mkewe aliyamwaga kwenye ungo, akachambua punje moja moja, akatoa nyeusi na za kijani, akaosha, akaanika, akasaga. Huo ndio ulikuwa unga wa nyumba hiyo kwa miaka. Mtu akimuuliza Bwana Meno kwa nini anawanyima kuku mahindi ambayo yeye anakula, alikuwa na jibu lake, na alilitoa kifua mbele: "Kuku hana mikono ya kuchambua. Sisi tunayo."

Mwaka 1997 alichaguliwa kuhudhuria mafunzo ya lishe ya kuku. Huko alisikia kwa mara ya kwanza jina la kitu kilichowaua kuku wa mama yake. Kinaitwa sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu ndani ya nafaka. Mwalimu alimwonyesha punje mbili, zote safi, zote za njano, na kumwambia moja ina sumu. Haionekani, haina harufu, na jiko haliiondoi. Ukungu unaweza kufutwa ukaondoka, sumu ikabaki. Kwa kuku inakaa kwenye ini.

Alirudi nyumbani jioni hiyo, hakusalimia mtu. Alilivuta pipa la mahindi ya nyumbani mpaka uani, akalipindua, akayamwagia mafuta ya taa na kuyawasha.

"Baba watoto, umerogwa?" mkewe akapiga kelele. "Chakula hicho!"

"Miaka yote tumewalinda kuku," akasema.

"Na sisi?"

"Sisi tulikuwa tunaosha."

Aliketi kwenye ngazi ya mlango, ameshika tama, akayatazama yakiungua. Tangu siku hiyo nyumba ilinunua mahindi mapya makavu, na pasipokuwa nayo walikula kitu kingine. Mkewe alinuna siku kadhaa, kisha akaelewa, na alipoelewa akatamani angeendelea kununa.

Kutoka mafunzoni ndipo alipoleta ule unga wa kijivu ambao wateja wake mmeuzoea. Ni aina ya udongo laini uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Unachanganywa kwenye chakula kwa kipimo kidogo, na ukifika tumboni mwa kuku unaishika sumu kabla haijaingia kwenye damu, unatoka nayo kwenye kinyesi. Una jina refu kwenye mfuko. Yeye aliuita mlinzi.

"Mlinzi anakaa mlangoni," aliwaeleza wateja, ameegemea pipa. "Mwizi akija anamshika shati, anatoka naye. Lakini msinielewe vibaya. Mlinzi si Mungu. Wezi wa aina moja anawaweza sana, wengine wanapita anawaangalia tu. Kwa hiyo mahindi kausheni kwanza. Msinunue uozo mkategemea mlinzi."

Wapo waliombishia. Mama mmoja muuza mayai, tunayemwita Mama Trei, naye yuko hapa leo na amekubali atajwe, alimwambia, "Bwana Meno, hiyo ya kijivu toa, bei ipungue. Kuku wangu hawali udongo."

"Basi kachukue kwingine, mama. Wakianza kutaga karatasi usinipigie."

Mama Trei alienda kwingine. Baada ya mvua alirudi amebeba kuku aliyekufa ndani ya mfuko wa plastiki. Bwana Meno hakumcheka. Alimpasua yule kuku juu ya gazeti, akamwonyesha ini, limevimba, la njano, likivunjika chini ya kidole kama siagi. "Umeona? Sasa hawa waliobaki tuwaokoe." Alimchanganyia chakula kipya usiku haujaingia, na kuku waliobaki wakarudi kutaga. Mama Trei amesema tusisahau kueleza kwamba si wote waliorudi.

Kitu kimoja Bwana Meno hakukiacha. Binti yake mkubwa, baada ya kulipwa mshahara wake wa kwanza, alimnunulia kipima unyevu, kifaa kizuri chenye kioo cha namba. Alifurahi, akakiweka kwenye rafu, na kila gunia lilipofunguliwa aling'ata kwanza, kisha akachomeka kipima ili aone kama kipima kimesema kweli.

"Baba, si ulituambia wewe mwenyewe sumu haionekani?"

"Naitema, mwanangu."

"Unatema yote?"

"Mashine ina betri. Meno hayana betri."

Mkewe alimsema, watoto walimsema, dada yake alimsema mpaka akachoka. Alicheka, akaonyesha magego, akasema haya ndiyo yaliyowasomesha. Na vumbi la kinu nalo lilikuwa pale kila siku, akilipumua bila kitambaa kwa sababu kitambaa kinamfanya asisikie mota.

Mwishoni mwa mwaka 2023 suruali zilianza kumpwaya. Alisema ni uzee. Akaanza kuacha chakula nusu, akawa anashika ubavu wa kulia akiinua kopo tu la vitamini. Asubuhi moja mwezi Januari alisimama mbele ya kioo cha bafuni, ndevu zimepakwa sabuni, wembe mkononi, hanyoi. Akamwita mkewe.

"Mama, njoo uniangalie macho."

Mkewe akaja. Macho yalikuwa ya njano.

"Labda ni malaria," mkewe akasema.

"Nimepasua kuku wangapi?" akamuuliza, kwa upole kabisa. "Ini hilo."

Akamaliza kunyoa, akavaa, wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, aliyeketi kitandani badala ya kusimama mlangoni. Picha zilionyesha uvimbe kwenye ini, mkubwa, umeenea pande zote mbili. Hakuwa na cha kukata wala dawa ya kuuondoa, na hakuwadanganya. Mjane aliuliza swali ambalo analiuliza hadi leo: ni ule unga aliokuwa akiupika yeye zamani? Au meno? Au vumbi? Daktari akasema ini lina maadui wengi, wapo na virusi, na kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kusema ni nani aliyeingia. Sumukuvu inaweza. Huenda si yenyewe.

"Lakini mimi pia nilikula," mjane akasema. "Chungu kilikuwa kimoja. Mbona mimi mzima?"

Na hilo ndilo linalomtesa wifi yetu kuliko yote. Angepewa lawama angejua pa kuiweka, lakini hakupewa hata hiyo.

Kisha akauliza lingine, kwa sauti ndogo. "Daktari, ile ya kuku... haimfai?"

Daktari hakucheka. Alieleza taratibu kwamba unga ule unaishika sumu tumboni, ikiwa ndani ya chakula. Kilichokwisha kuingia na kufanya kazi yake hakishikiki tena. Akaongeza kwamba si wa kumpa mgonjwa, kwani unaweza kushika hata dawa zake za maumivu. Mjane aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka kwa mtu aliyelala kitandani.

Wiki ileile, alipokuwa peke yake jikoni akimpikia uji, alikwenda kwenye banda la kuchanganyia, akachota mlinzi kwa kijiko, akauchanganya. Hakumwambia mtu. Aliupeleka wodini kwenye chupa, akammiminia kikombe. Uji ulikuwa na kijivu ambacho kipofu angekiona. Bwana Meno akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni kama alivyozungusha punje maisha yake yote. Akamtazama mkewe. Hakutema.

Alikunywa kikombe chote mpaka chini, polepole, akafuta mdomo, akasema, "Umechanganya vizuri. Hakuna madonge."

Mkewe akajua kwamba amejua. Akaanza kulia.

"Ila umezidisha kipimo," akasema. "Kile ni cha tani moja. Na mimi nimekonda."

Wakacheka, wote wawili, mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Kisha mjane akamshika mkono na kumuuliza, "Baba watoto, sasa tufanye nini?" Naye akajibu kama mama yake alivyojibu.

"Tukae."

Hakumchanganyia tena. Walikaa. Februari, Machi, Aprili, alikaa naye kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha tatu kutoka dirishani, na baadaye nyumbani, kwenye chumba kinachotazama kibanda cha kuku wao wenyewe. Watoto walikuja na majina ya dawa waliyoyatoa kwenye simu, majirani walikuja na mizizi, dada yake alikuja na hasira. Wote waliishia kwenye kiti kilekile, mikono mapajani. Haipo namna nzuri ya kulisema hili: tulimtazama akiondoka, na hatukuweza kitu.

Kila asubuhi aliuliza swali moja. "Wanataga?"

"Wanataga."

"Maganda?"

Mkewe akamletea yai, akaligonga kwa ukucha karibu na sikio lake asikie. Ganda lilikuwa gumu, zuri. Aliridhika. Kuku wale hawakuwahi kutaga vizuri kama miezi ile, na mjane anakiri kwamba zipo siku aliwachukia.

Bwana Meno alifariki tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono na kuku wakipiga kelele za kutaga dirishani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Neno la mwisho lililoeleweka lilikuwa swali lake lilelile, naye alijibiwa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake huyu anayesoma, na mdogo wao wa mwisho aliyesafiri kutwa nzima kufika. Ameacha mkwe aliyeifahamu mota ya pipa na kuahidi haitanyamaza. Ameacha wateja ambao wataulizwa maswali magumu kuhusu mahindi yao na mtu mwingine, au hawataulizwa kabisa. Wazazi wake na dada yao mkubwa walitangulia.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijatoka, mjane alionekana anaelekea kwenye banda la kuchanganyia akiwa na nguo zake za msiba. Kuku walikuwa hawajala. Alifungua gunia jipya. Akachota punje, akaisogeza mdomoni, akasimama hivyo kwa muda, kisha akairudisha na kuchukua kipima. Kipima kilisema ni kavu. Akapima mahindi, akapima pumba, akatia mlinzi, akawasha mota, akahesabu mizunguko kwa sauti. Binti yake alipomfuata kumwambia watu wanasubiri, alimwonyesha kwa mkono asimsemeshe mpaka pipa lisimame.

Lala salama, kaka. Mahindi ya leo yamepimwa na wengine. Yapumzishe hayo meno.